Waya wa Kuzimia

Kila nikikaa kupumzisha miguu mnaidai hadithi hii, halafu usiku mnaogopa kwenda chooni mnaniamsha mimi. Haya. Atakayelowesha godoro atalifua mwenyewe.

Palikuwa na fundi umeme wa mashine, mdomo mrefu kuliko bisibisi yake. Jioni moja mjane wa rafiki yake alimwita akamtazamie trekta dogo la bustani, kuukuu, la kukatia nyasi. Betri haishiki chaji, akasema, naye anataka kumpa mtu aliondoe. Fundi hakupenda. Trekta hilo ndilo lililopinduka mtelemkoni likamlalia rafiki yake, gurudumu likazidi kuzunguka juu yake. Na msibani ni fundi huyo huyo aliyetangaza kwamba marehemu alikuwa amelewa. Lakini akikataa kwenda, watu si watauliza?

Bandani mlinuka petroli na nyasi mbichi, ingawa hazikukatwa nyasi tangu siku ile. Akafunua boneti. Pa betri palikuwa na kutu tu.

"Shemeji, betri iko wapi?"

"Niliitoa siku ya mazishi."

Taa ya mbele ikawaka.

Hafifu, ya njano... kama jicho la mtu anayeamka. Kisha injini. Tuk... tuk... tuk. Fundi akazungusha ufunguo. Wapi! Akachomoa waya wa plagi, ule unaopeleka cheche ndani ya injini. Tuk... tuk...

Sasa sikilizeni. Injini za namna hii zikishawaka hazina haja ya betri. Hujitengenezea cheche kwa sumaku. Kinachozizima ni waya mmoja mwembamba: ukizungusha ufunguo kuzima, waya huo huimwaga cheche kwenye bodi ya chuma, injini ikafa. Fundi akitafuta cheche iliyopotea, kwanza huuchomoa waya huo. Cheche ikirudi, kosa liko kwenye swichi. Ataitengeneza, kisha atarudisha waya. Huyu wetu, rafiki yake alipomwita amtengenezee trekta hilo, aliuchomoa, injini ikaunguruma vizuri, akafunika boneti akaenda zake bila kuurudisha. Siku chache baadaye rafiki yake akazikwa.

Waya ulikuwa unaning'inia pale pale alipouacha.

"Nilizungusha ufunguo," mjane akanong'ona mlangoni. "Yeye yuko chini, ananiambia zima... zima. Nikazungusha mpaka ukapinda."

Fundi akaukandamiza waya kwenye chuma kwa vidole.

Kimya.

Akaukaza kwa skrubu, akaachia. Tuk... tuk... Akaushika tena. Kimya. Halafu akahisi waya unavutwa. Taratibu... Kama mtu ameushika upande wa pili.

"Hakuwa amelewa," akasema. "Ni mimi. Niliusahau."

Mvuto ukalegea. Haukuisha.

Mjane akasogeza kigoda, akakaa, wala hakushangaa. "Hayo utawaambia watu kesho, shemeji. Leo shika."

Kesho yake akawaambia watu, uso umemshuka. Mlidhani yameisha? Giza likianza kuingia, injini huanza. Waliokuja kuliondoa trekta waliliacha getini wakakimbia. Kwa nini mjane alimwita kwa ajili ya betri aliyoitoa mwenyewe? Sijui, na sikumuuliza. Mimi nayapenda maisha yangu.

Fundi bado huenda kushika. Vidole vyake viwili vimekuwa vyeusi kama mkaa, hata bisibisi havishiki, kazi imemfia mkononi. Na jioni zake zote si zake tena. Hukaa bandani, waya mkononi, mpaka yule wa upande wa pili aachie.

Siku hizi anachelewa sana kuachia.