Namba Kumi na Tisa Haina Jina

Kilichomkera Bi Nyoosha kilikuwa kisanduku kitupu tu. Alikuwa mstaafu wa masjala, na jina hilo la utani alilipata kazini, maana hakuwahi kuona faili limekaa upande akalipita. Sasa alikuwa akiingiza ukoo wao kwenye programu ya kompyuta. Programu ile humpa kila mtu namba yake ya kumbukumbu, na kwa ukoo wao huo ulikuwa msaada mkubwa, kwa sababu majina ya mababu yalirudiwarudiwa mpaka kichwa kinauma. Bila namba hujui nani babu, nani mjukuu. Yeye mwenyewe, kwa kuwa alianza kwa kujiandika, alikuwa namba moja.

Namba kumi na tisa hakuwa na jina, wala jinsia, wala mwaka. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemwingiza siku alipokuja kusaidia, chini ya watoto wa babu yao: saba wenye majina, na wa nane huyo mtupu.

"Kaka naye kwa kulipua kazi!" Bi Nyoosha alisonya, akamfuta.

Kesho yake kumi na tisa alikuwepo. Akamfuta. Akazima mashine, akaiwasha, yupo vilevile. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Akaenda kumgombeza binti yake kwa kuunguza vitu jikoni, akakuta jiko halijawashwa na binti amelala, mkono juu ya tumbo.

Binti huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia, na hii ya tatu ilikuwa imefika siku zake. Bi Nyoosha alikuwa akiomba kila pumzi: huyu tu, huyu mmoja afike.

Ila hasira za masjala hazikumwacha. Alijua tabia ya programu ile: ukimfuta mtu, namba yake hubaki wazi, na anayeandikwa baada yake hupewa hiyohiyo. Basi akamfuta yule mtupu kwa mara nyingine, na papo hapo akamwandika mjukuu aliye tumboni. Mjukuu akapewa kumi na tisa.

"Haya," akaiambia skrini, "rudi sasa tukuone."

Hakurudi kwenye skrini. Mchana uleule, chumba kikiwa hakina mtu, vibonye vya kompyuta vilisikika vikibonyezwa polepole, kama mtu anayejifunza. Bi Nyoosha akaenda kutazama, kukawa kimya. Akageuka kuondoka, vikaanza tena, na ile harufu ikamfuata ukumbini, ikampita, ikaingia chumbani kwa binti, na alipofika mlangoni akamkuta binti amekaa kitandani, macho yamemtoka, amejishika tumbo kwa mikono miwili.

"Mama," alinong'ona, "kuna mkono."

"Ni mtoto anacheza, mwanangu."

"Si mtoto. Mtoto ametulia kabisa. Ni mkono wa mtu, mama, uko ndani, unampapasa."

Bi Nyoosha alimpigia simu kaka yake, akamweleza habari ya kumi na tisa na ya huo mkono.

"Umemfuta? Dada, babu hakuwa na uzazi. Alikwenda kuomba kwa majini, akapewa watoto, kwa sharti kwamba jini mmoja ahesabiwe pamoja na watoto hao. Ndiyo maana wazee walikuwa wakisema watoto wa babu ni wanane."

"Na wewe hukuniambia kwa nini?"

"Wewe ungeniacha nimalize?"

Kaka alifika na mganga, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Aliwekwa mbele ya skrini, akaambiwa habari yote. "Mrudishe alipokuwa," akasema.

Bi Nyoosha akampa mjukuu namba mpya, akamrejesha yule mtupu kwa babu. Programu ikakubali. Kisha, wote watatu wakitazama na hakuna aliyegusa kitu, namba zikabadilika zenyewe, kumi na tisa akarudi kuwa mjukuu. Akarekebisha. Zikarudi. Akapiga meza kwa ngumi, machozi ya hasira yakimtoka.

"Hataki tena kukaa na wafu," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Ameonja joto. Anataka nafasi ya mtu aliye hai."

Chumba cha pili, binti alipiga ukelele.

"Achukue yangu," Bi Nyoosha akasema.

"Ukishaitoa, mama, mimi siwezi kukurudishia."

"Namba tu hiyo, mzee! Namba tu!"

Akambandika yule mtupu namba moja. Harufu ikakatika. Kilio cha binti kikageuka kuwa uchungu wa kawaida wa kuzaa, na kaka akambeba mpaka kwenye gari. Bi Nyoosha akawakimbilia, akagonga kioo, akagonga tena, gari likaondoka bila kaka kumtupia jicho. Alikasirika sana. Akasema moyoni kwamba watu wakipagawa hawana adabu. Akageuka amlalamikie mganga, naye akampita mlangoni bila kuaga.

Siku ya pili binti alirudi na mtoto wa kike, mzima, ana sauti kali. Bi Nyoosha alimsubiri kizingitini, mikono mbele, akicheka na kulia. Binti akampita ubavuni, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mtoto.

"Mwanangu! Mimi hapa!"

Binti aliendelea mpaka chumba cha kompyuta. Kwenye kiti alikuwa amekaa mwanamke aliyevaa gauni na miwani ya Bi Nyoosha.

"Mama, mjukuu wako huyu," binti alisema kwa furaha. "Mshike vizuri shingo."

Yule aliyekuwa kitini akampokea.