Kidole Kidogo cha Mguu wa Kushoto

— Vaa basi, nione.

Elvio alikuwa amepiga goti sakafuni, sanduku wazi mbele yake. Nives, mkewe, alivitazama viatu vilivyokuwa ndani. Vilikuwa vya mchuchumio, vyeusi, visigino virefu na vyembamba, bila kifungo wala urembo wowote. Pale Fiesso, mji mdogo wa Italia, hakuna fundi viatu aliyesifika kama Elvio, na siku zote alisema kiatu kizuri hakijitangazi, anayekivaa ndiye anayeonekana. Jioni hiyo ndoa yao ilitimiza miaka ishirini, na polenta, ugali wa Kiitalia, ilikuwa inapoa mezani bila mtu kuijali.

— Tangu vile vya harusi hujanitengenezea vingine, Nives alisema. — Nilidhani umeshanichoka.

— Nani kakwambia? Lete mguu.

Wa kulia uliingia kwa shida. Wa kushoto ulibana kwenye dole gumba, lakini upande wa kidole kidogo kukabaki nafasi. Nives akapapasa pale. Ngozi ilikuwa imetunishwa kidogo, kwa makusudi, kupisha kidole kilichopinda.

Yeye hana kidole kilichopinda.

— Elvio. Hiki kidole ni cha nani?

— Kidole gani? Ngozi mpya hiyo, ukivaa itaachia.

— Mimi nashona ngozi kwenye karakana yako miaka yote hii. Usinifanye mtoto.

— Basi nimechanganya kalibu, ile miguu ya mbao ya wateja. Kazi zilikuwa nyingi.

— Mteja gani?

Elvio akainamia sanduku, akaanza kupanga karatasi yake.

Nives alikijua kidole kile. Utotoni geti la kwao lilimwangukia mguuni mdogo wake, Livia, na yeye ndiye aliyekuwa akimfunga bandeji kila asubuhi. Livia, ndugu pekee aliyebaki naye tangu mama yao afariki. Livia huyohuyo anayeapa kwamba hajawahi kuvaa kisigino kirefu kwa sababu ya kidole hicho.

— Una kalibu ya mguu wa Livia, Nives alisema taratibu. — Mtu asiyevaa mchuchumio.

— Yameisha, Nives. Tangu Pasaka yameisha, naapa kwa kaburi la baba. Hivi nilivishona ili tuanze upya, mimi na wewe.

— Na hata huko kuanza upya umeanza na mguu wake.

— Mkono umezoea tu, sikuangalia.

Bora angenyamaza. Wanaume wengine wakibanwa hujichimbia kaburi kwa ulimi wao wenyewe.

Nives akachukua simu, akampigia mdogo wake, akaweka spika.

— Dada yangu! Hongereni, jamani. Zawadi umepata?

— Nimepata. Mchuchumio mweusi. Livia, vile vyako, ukivivaa kidole kinakuuma?

Upande wa pili televisheni ilisikika, halafu ikazimwa.

— Dada...

— Nimeuliza kidole.

— Hakiumi, Livia alijibu. — Dada, nisamehe.

Nives akakata. Akavirudisha viatu sandukuni, akavifunika karatasi yake vizuri, maana kazi ilikuwa nzuri na kiatu hakikuwa na kosa. Akamkabidhi mumewe.

— Mpelekee mwenye kidole.

— Nives, tuongee kwanza.

— Mguu wangu umeushika miaka ishirini, Elvio, na umeusahau. Tuongee nini?

Elvio alipotoka, Nives aliketi mbele ya sahani mbili akalia, peku, dole gumba bado jekundu. Ujumbe ukaingia kwenye simu: “Dada naja. Usifunge mlango, nakuomba.” Akausoma, akainuka, akafunga kwa ufunguo.

Haukupita muda mrefu, mlango ukagongwa.

— Dada, nifungulie. Sina mtu mwingine.

Nives alisimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Alitamani kufungua, hilo halifichiki.

— Hata mimi sikuwa na mwingine, alisema, akazima taa ya ngazini alikosimama Livia.