Meza Iliyohama na Kurudi

Fundi mkuu alikuwa amelala chali nje ya mstari wa manjano wa usalama, kitambaa cha kupangusia bado kiko mkononi. Juu yake mkono wa roboti ulikuwa umeganda, ncha yake ina damu.

Inspekta aliuzunguka mara tatu. Hakuelewa kitu.

"Mkono ukijiendesha wenyewe haufiki nje ya mstari," alisema Mhandisi. "Huyu binti aliusukuma kwa rimoti."

Binti mwendesha mashine alikuwa ameshafungwa pingu. "Nilianzisha jaribio tu, afande. Saa nne na dakika kumi na mbili ukampiga, nikauzima. Nikampakata kichwa mpaka mlipofika."

Mhandisi aliiuliza kompyuta mahali ilipo meza ya kazi ambayo mkono huifuata. Ikajibu: mita moja mbele ya nguzo.

"Umeona? Kipimo hakina kosa."

"Nimeona, ila nimepotea," alisema Inspekta. "Binti, nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Kila kiungo kinamjua mzazi wake tu. Kiganja kinapimwa kutoka kwenye kiwiko, kiwiko kutoka begani, bega kutoka kwenye nguzo. Meza nayo ni mtoto wa nguzo. Kiganja kikitafuta meza, kompyuta inapanda kwa wazazi mpaka nguzoni, halafu inashukia mezani, na mkono unakwenda hapo hapo."

"Kama watu wanaotafuta undugu msibani."

"Ndiyo. Lakini afande, yeye ameuliza ya sasa hivi. Kila kipimo kinawekwa na saa yake."

"Basi uliza ya wakati ule."

Mhandisi alisitasita. Binti akanyoosha mikono yenye pingu, akabonyeza mwenyewe.

Saa nne na dakika kumi na mbili: mita moja mbele, nusu mita kulia, nje ya mstari. Saa nne na robo: mita moja mbele.

Inspekta alichuchumaa. Miguu ya meza ilikuwa na boliti nne zenye kutu, zimezama kwenye saruji.

"Hii ilihama, ikarudi? Nani ana neno la siri la vipimo?"

"Mimi na marehemu," alisema Mhandisi.

"Marehemu alirekebisha kipimo dakika tatu baada ya kufa?"

Mhandisi alijikalia sakafuni.

"Miaka sita marehemu ananitambulisha kwa wageni, 'huyu kijana wangu.' Kijana, na mvi hizi! Leo wageni walikuwa njiani. Nilitaka mkono wake wa roboti upapase hewani mbele yao, achekwe yeye. Sikujua atasimama pale kupangusa."

"Na binti wa watu?"

Mhandisi alizitazama pingu.

Inspekta alimfungua binti pingu. Mikono yake ikabaki imekutana mapajani, viganja juu, kana kwamba kichwa cha fundi bado kimo.