Neno Lililosikika Nyuma ya Ukuta

Saa kumi na mbili kasoro jioni nilirudi kiwandani, mimi mkaguzi wa usalama, na futi ya kupimia na fomu ya ajali. Asubuhi ile mashine ya kusaga plastiki ilikuwa imemkata mwenzetu tuliyemwita Mrefu mikono yote miwili, hadi viwikoni. Bosi alitaka chanzo kiandikwe kabla hajafunga ofisi, na alishanichagulia: uzembe wa mshika swichi.

Mshika swichi ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea. Nikisaini, kesho polisi wanamchukua.

Nilimkuta amekalia ndoo, macho mekundu.

"Mjomba, ulisikia nini?"

"Mrefu alikuwa ndani anazibua. Akasema, 'Washa.' Nikawasha. Naapa, mwanangu."

Swichi iko nyuma ya ukuta. Humwoni aliye ndani, unategemea sikio tu. Acha... Washa... Nusura nicheke. Kumbe! Mrefu alisema "acha", ukuta ukamgeuzia neno. Hasira zikanipanda. Kazi gani hii ya kuendesha visu kwa kusikiliza? Wa kufungwa ni aliyejenga ukuta ule.

Lakini bosi haamini maneno matupu. Niling'oa fyuzi zote tatu, nikazitia mfukoni. Nikaingia tumboni mwa mashine, mjomba akabaki kwenye swichi.

Ndani kulinuka damu na plastiki iliyoungua. Kipande cha mkono wa shati la Mrefu kilikuwa bado kimenasa kwenye visu.

"Acha!" nikapaza sauti.

"Hapa nasikia 'washa'!"

"Acha!"

"Washa tena!"

Nilifurahi mpaka machozi. Mjomba wangu amepona! Nikaandika haraka.

"Hiyo ya tatu sijaipata," mjomba akasema. "Mbona unanong'ona?"

Sikuwa nimesema kitu.

Nikainama kusikiliza.

Kisha, chini ya visu... kitu kikahema.

Kisu kimoja kikasogea. Taratibu. Kikapasua soli ya kiatu changu, kikapita kwenye nyama, kikasaga mfupa. Nilipiga yowe. Mjomba akaja mbio, akarukia ndani, akanishika makwapani na kunirusha nje kama gunia. Nilianguka kwenye sakafu, vidole vya mguu vimebaki kule.

Yeye alikuwa ameshika ukingo, anajivuta juu. Kwenye swichi hapakuwa na mtu. Fyuzi zilikuwa mfukoni mwangu. Visu vikaanza kutikisika chini yake.

Nilitaka kuiambia mashine ile, acha. Nilikusudia hivyo kwa moyo wangu wote. Nikafungua mdomo.

"Washa," koo langu likasema.

Visu vikavuma. Vilimchukua kuanzia miguuni. Kucha zake zilikwangua bati, mifupa ikavunjika mmoja mmoja, damu ya moto ikanipiga usoni. Aliniangalia mimi tu, mpaka vilipofika kifuani. Alikuwa amesikia. Safari hii hapakuwa na ukuta kati yetu.

Bosi aliijaza fomu mwenyewe: hitilafu ya umeme. Mashine inafanya kazi.

Mke wa mjomba huja kila siku kunisafisha kidonda. Hajui kitu. Ananipapasa kichwa na kunibembeleza, "Sema, mwanangu. Sema hata neno moja tu, moyo utapoa."

Nabana meno. Navuta daftari, naandika.