Mbatata Isiyoota Kuvu

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Mwanatatu alichungulia chupa yake dirishani. Ndani mlikuwa na kipande cha mbatata iliyochemshwa, alichokisugua kwa kitambaa cha jikoni na kukifunika ili kiote kuvu. Leo ilikuwa siku ya tano, na kipande kilikuwa cheupe pe.

"Ota basi!" aliifokea chupa.

Moyo haukumtulia. Mwalimu Wafula, aliyewafundisha sayansi shuleni Likoni, alikuwa amepata intaneti katika ofisi ya rafiki yake mjini, maajabu mapya ya mwaka ule wa 1999. Alirudi na karatasi zenye picha za vijidudu vya kila namna, pamoja na maelekezo ya jaribio lile. Mwenye daftari bora angevuka naye feri Jumamosi, aione kompyuta kwa macho yake na kutuma matokeo ya darasa. Mwanatatu hakuwahi kutamani kitu kingine kiasi hicho.

"Yangu ina kijani, nyeusi na manjano," Musyoka, jirani yake darasani, alijigamba. "Yako je?"

"Imeota," Mwanatatu akajibu upesi mno.

Uongo ukishatoka hutaka mwenzake. Wakati wa mapumziko alizifuata zile karatasi ambazo Mwalimu alizibandika ukutani, akanakili picha moja nzuri: nyuzi nyembamba zenye vichwa vya mviringo. Akafuta, akachora tena, huku akiuangalia mlango.

Alasiri Mwalimu Wafula alilitazama daftari la Mwanatatu kwa muda mrefu.

"Mwanatatu."

"Abee, Mwalimu."

"Picha hii ilipigwa kwa hadubini, inayokuza kitu mara mamia. Wewe uliziona nyuzi hizi kwa jicho gani?"

Darasa likaangua kicheko. Mwanatatu aliona haya, masikio yakamwaka moto. Akaitoa mkobani chupa aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaiweka mezani.

"Haikuota kitu, Mwalimu. Nilinakili. Lakini wallahi niliitunza."

Mwalimu aliifungua, akainusa. "Mbona inanukia?"

"Ni ubani. Bibi aliifukiza kabla sijatia mbatata. Kwetu chombo hakitiwi kitu bila kufukizwa. Sikuandika kwa sababu karatasi haikusema."

"Walioandika karatasi hawamjui bibi yako," alisema Mwalimu. "Huenda moshi ndio uliozuia vijidudu, huenda sio. Hilo ndilo swali bora nililopata leo, nawe ulitaka kulizika chini ya picha ya mtu mwingine!"

Jumamosi Musyoka ndiye aliyevuka feri. Mwanatatu alilia, kisha akaanza upya kwa chupa mbili, moja iliyofukizwa na nyingine isiyofukizwa. Aliandika kila siku alichokiona, hata siku ambazo hakuona kitu. Siku ya nne, ile isiyofukizwa iliota madoa ya kijani. Siku ya nane, hata ile ya ubani ikaota doa dogo.

Alimpelekea Mwalimu daftari kwa unyonge. "Imeharibika mwishoni, Mwalimu."

"Haijaharibika. Imeonyesha kweli, nawe umeiandika." Mwalimu akalifunga daftari na kumrudishia. "Kazi ya sayansi ni kuandika ulichokiona, si ulichotamani kukiona. Ukidanganya, wa kwanza kupotea ni wewe. Mwambie bibi, Jumamosi hii tunavuka na chupa zote mbili."