Mstari wa Pemba

Mstari wa tatu ulionekana Jumatano, saa nne asubuhi, wakati Bibiche akifagia sebule. Ulikuwa mweupe na mwembamba, umechorwa kwa kidole, ukianzia palipoandikwa Kamina na kuishia Bukama. Bibiche alisimama na fagio mkononi. Karatasi ile ya ukutani ilikuwa na mistari miwili tu, mmoja wa bluu na mmoja mwekundu, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshika rula ilipokuwa ikichorwa.

Karatasi yenyewe inataka maelezo. Mumewe, Constant Kabange, alifanya kazi ya kupanga treni katika stesheni ya Kamina kwa miaka thelathini na minne. Kupanga treni ni kuzichora: majina ya stesheni yanapangwa upande wa kushoto, toka juu hadi chini, siku na saa zinapita juu, na kila treni ni mstari unaoteremka kutoka stesheni moja hadi nyingine. Mstari ukilala, treni imesimama. Mstari ukikatika, treni imeanguka. Basi Chancelvie, binti yao aliye nesi kule Liège, alipowaalika wakatembee Ulaya miezi mitatu, Constant hakukimbilia kununua sanduku kama wanaume wengine. Alipasua mifuko minne ya simenti, akaigandisha pamoja, akaichora safari nzima kwenye ule upande safi wa rangi ya kahawia. Kamina, Lubumbashi, Brussels, Liège, Paris, Lourdes, Roma, kisha nyumbani. Bluu ni yeye, nyekundu ni mkewe. Mistari iliachana Paris tu, kwa siku tano: Bibiche ateremke Lourdes akasali, na Constant abaki akiangalia treni za watu zikipita. Hiyo ndiyo likizo aliyoiota.

Bibiche alimwachia. Kando ya jina la Lourdes alibandika kadi aliyotumiwa na binti yake, yenye picha ya mishumaa mamia ikiwaka mbele ya pango la Bikira, na kila alipopita aliigusa kwa kidole. Miaka thelathini na minne alikuwa ameolewa, na miaka thelathini na minne aliambiwa neno lilelile: "Mwaka kesho, Mama Chancelvie." Mwaka kesho tutaenda likizo. Mwaka kesho tutakuwa mimi na wewe. Mara treni imeanguka Luena, mara wakubwa wanakuja, mara hakuna wa kumshikia zamu. Sasa amestaafu, viza zimo ndani ya pasipoti, na pasipoti zimo kabatini chini ya mashuka. Kuondoka ni Jumamosi. Kitu alichokitaka ni kidogo tu: miezi mitatu na mumewe, wawili peke yao.

Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu Constant hajawahi kuwa peke yake. Alizaliwa pacha. Kwa Waluba majina ya mapacha huwangojea tumboni: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Kyungu alikufa kwa surua akiwa na miaka tisa, na katika ukoo ule hakuna aliyelia wala aliyetamka kwamba amekufa. Walisema ameenda kutafuta kuni. Mama yao akamchongesha mtu mdogo wa mti, urefu wa kiganja, akampaka pemba, ule udongo mweupe, na tangu siku hiyo kila kitu cha Constant kilifanywa mara mbili. Akishonewa shati, linashonwa na jingine dogo, linawekwa kwenye sanduku la bati. Chakula kikipakuliwa, tonge la kwanza ni la Kyungu. Siku ya harusi Kyungu alikuwa ndani ya mfuko wa koti la bwana harusi. Na kabla ya safari yoyote, hata ya kwenda Kabondo-Dianda kuona shemeji, Constant alimpaka pemba upya na kumnong'oneza wanakokwenda. Bibiche aliishi na kile kijiti kama wengine wanavyoishi na mama mkwe.

Siku tatu kabla ya mstari, Jumapili, wakifunga mizigo, alimwona Constant akimwingiza Kyungu ndani ya soksi na kumlaza katikati ya mashati.

"Ule anabakia," Bibiche alisema.

"Hawezi kubakia, Mama Chancelvie. Minyi na ye hatuachanaka."

"Kule ku ndege banafungula mavalize. Batauliza: Papa, hii kintu ni nini? Utajibu nini?"

"Nitajibu: iko ndugu yangu."

"Papa Chancelvie, miaka makumi tatu na ine niko bibi ya bantu babili. Hii safari iko ya kwangu!"

Constant alifunga zipu taratibu, akakaa juu ya valize kama mtu anayezuia mlango.

Jumatatu asubuhi alikwenda stesheni kuwaaga wenzake. Bibiche akaifungua valize, akakitoa kijiti ndani ya soksi. Mwanzoni alitaka kukificha tu. Lakini uani mbabula, jiko la makaa, ilikuwa inamsumbua, makaa yana unyevu, maji ya bukari, ule ugali wao, yanakataa kuchemka, na mkononi mwake kulikuwa na mti mkavu wa miaka hamsini na saba. Alimtazama Kyungu usoni. Kisha akamsukumia katikati ya makaa, na moto ukapanda mara moja. Tusimsingizie kwamba hakujua anachofanya. Alijua, na alifurahi, na bukari ile aliisonga akiimba.

Constant alirudi na njaa. Alikula bukari yote na sombe ya majani ya muhogo, akaomba nyingine.

"Bukari iko na harufu ya pemba," alisema akilamba vidole. "Ulipikia na kuni gani?"

"Makala ya ku mbabula tu."

Majini ya watu wengine huja usiku wa manane, na upepo na bundi. Hili lilikuja saa saba mchana, jua kali, pamoja na sombe.

Jumatano, basi, mstari mweupe ulikuwa umefika Bukama. Bibiche aliufuta kwa kitambaa chenye maji. Alhamisi asubuhi ulikuwa umerudi na kupita Tenke, unakaribia Likasi, na ulipoupita ule wa bluu, ule wa bluu ulikuwa umefifia. Sebule nzima ilinuka pemba mbichi. Alimkuta Constant amelala kifudifudi sakafuni, miwani puani, mvi kichwani, anasukuma kopo la sadini kwenye ufa wa simenti huku akipiga mluzi wa treni.

"Papa Chancelvie, unafanya nini chini?"

"Ninacheza, Mama."

Mama tu. Jina la binti yao, ambalo hakuwahi kuliacha tangu siku alipozaliwa, halikufuata. Bibiche alimwinua, akamsimamisha mbele ya karatasi, akaweka kidole kwenye maandishi aliyoyaandika Constant mwenyewe.

"Soma hapa. Treni ya Paris inafika saa ngapi?"

Constant alikodoa macho. Halafu akacheka kwa aibu, akijificha mdomo kwa mkono wenye mishipa ya kizee.

"Sijue, Mama. Minyi niko mu troisième primaire tu, darasa ya tatu. Kule Ulaya, treni iko mingi?"

Bibiche alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga kabati, na hapo ndipo alipoisikia sauti nyingine, ndogo, kavu, inayokuna bati kutoka ndani, inatoka chumbani, kwenye lile sanduku la mashati madogo, na alikwenda, akapiga magoti, akafungua komeo, akainua kifuniko, akaona mashati tu, hamsini na kitu, yamekunjwa vizuri kama siku zote, ila lile la juu kabisa lilikuwa na joto, na kifua chake kitupu kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na kutoka pale penye kifungo cha shingo mume wake wa miaka thelathini na minne alimwita kwa jina lake lote.

"Mama Chancelvie. Juu ya nini niko huku? Sababu ya nini?"

Alifunga kifuniko. Alikaa juu yake mpaka jioni, na kila mara aliisikia pumzi ile ikimpiga chini ya mapaja.

Ijumaa saa nane mchana alimleta Mwadi, bibi kizee wa ng'ambo ya reli, mama aliyezaa mapacha mara tatu na ambaye huitwa kila mapacha wanapozaliwa aje kuwaimbia nyimbo za matusi, kama mila inavyotaka. Mwadi alikuja na tonge la pemba kwenye kitambaa. Alikwenda moja kwa moja uani, akachota jivu la mbabula, akalinusa.

"Ulimupika," alisema kwa sauti ya chini. "Ulimupika, halafu ukamulisha ndugu yake."

"Mama Mwadi, nisaidie."

"Kyungu hana tena mwili, njo maana amekamata ile alipata. Kabange naye amebakia mu fasi ya Kyungu." Alitazama dirishani, ambako yule mtu mzima alikuwa amebana pua kwenye kioo akiwachungulia. "Inaweza kutengenezeka. Tutachonga mwingine, tutabaimbia, tutabalisha sahani moja, mpaka kila muntu arudie mu fasi yake. Lakini hii safari ife."

"Siku ngapi?"

"Mapasa habaulizwe siku. Pengine mwezi. Pengine mwaka."

"Mwaka?" Bibiche alishika nguo ya yule bibi. "Viza itakufa, Mama Mwadi. Habatatupatia tena, tuko bazee. Nikienda kwanza, nikirudi kiisha miezi tatu?"

"Kyungu akivuka maji na ile mwili, Kabange atabakia kuni. Kuni haingojeake muntu."

"Pengine atangojea."

Mwadi alikunja kitambaa chake na pemba ndani, akakataa hata maji ya kunywa, akatoka kwa mlango wa uani ili asipite mbele ya dirisha. Bibiche alibaki na jivu miguuni.

Jumamosi asubuhi pikipiki mbili zilikuwa zinapiga honi nje. Yule mtu alikuwa tayari amevaa suti ya Constant, vifungo vimepishana, na anarukaruka kwa furaha. Bibiche aliingia chumbani kuchukua mkoba wake. Sanduku likaanza tena.

"Mama Chancelvie. Ninasikia pikipiki. Usiniache. Huku iko giza, siwezi kunyoosha mikono."

Alipiga magoti. Alikuwa na hofu, alikuwa na aibu, na chini ya hofu na aibu kulikuwa na ile furaha yake ya Jumatatu, bado mbichi.

"Miezi tatu tu, Papa Chancelvie," alinong'ona kwenye bati. "Utangoja. Minyi nilikungojea miaka makumi tatu na ine."

"Bibiche!"

Hakuwahi kuitwa hivyo na mumewe tangu binti yao azaliwe. Alifunga komeo, akatia kufuli, akafunga na mlango wa chumba. Sauti ilimfuata mpaka barazani, na honi za pikipiki zikaimaliza.

Safari ilikwenda vizuri ajabu. Treni iliingia Lubumbashi saa ileile aliyoiandika Constant. Njia nzima yule mtu alitoa kichwa dirishani, akizitaja stesheni kwa kelele, na abiria walimwonea Bibiche huruma: mzee wa watu, akili imemtoka. Bibiche alizipokea pole zao. Alimfuta mdomo, akamkatia mkate, akajiambia kwamba Chancelvie ataelezwa ni ugonjwa wa uzee. Kwenye ndege alimpa kiti cha dirishani. Chini yao miti iliisha, ukaanza mchanga, na Bibiche akaegemeza kichwa na kufumba macho kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Anakwenda Ulaya, na hakuna wa kumwambia tena mwaka kesho.

Alizinduliwa na harufu ya pemba.

Yule mtu alikuwa ameikunjua karatasi ya mifuko ya simenti juu ya magoti yake. Bibiche hakujua kama ameibeba. Kwenye kiganja alikuwa na bonge la udongo mweupe, na kidole chake kilikuwa kinatembea polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, kama mtoto anayemaliza zoezi la shule.

"Nimemaliza, Mama. Angalia."

Bibiche aliangalia. Kusoma mistari alikujua. Alifundishwa na bingwa. Mstari wa bluu ulikuwa umekatika Kamina, umekatwa safi. Mweupe ulichukua nafasi yake, ukashuka Lubumbashi sambamba na mwekundu, ukavuka, ukalala Liège, ukafika Paris. Paris mistari haikuachana tena. Yote miwili iliteremka pamoja mpaka Lourdes. Kutoka hapo mweupe uliendelea Roma, ukarudi Liège kwa Chancelvie, ukalala hapo mpaka mwisho wa karatasi. Mwekundu uliishia Lourdes.

"Mustari yangu," alisema, akaweka kidole penye Lourdes. "Juu ya nini inakatika hapa?"

Kyungu alilamba udongo kwenye kidole. Aligonga kwa ukucha ile kadi, ambayo bado ilikuwa imebandikwa mahali pake, ile mishumaa mamia yenye ndimi za moto.

"Sababu kule Lourdes," alisema kwa upole, "kuko moto mingi, Mama."

Kisha akalaza kichwa begani kwake na kusinzia, na mkono wake, ule mkono mzito wa miaka sitini na sita, ukabaki umeushika wa Bibiche.