Samaki wa Daktari

"Mpwa, Mjomba hapa. Umeuona mzigo?"

"Bado. Naona mtu anakula tu."

"Endelea kumwangalia. Na usifyatue risasi. Chupa ikipasuka humo ndani, hatoki mtu."

Sauti ikakatika sikioni mwa Siafu. Alikuwa ameketi pembeni ya mkahawa wa Kigiriki, ule wa vitambaa vyeupe na glasi za shingo ndefu, mbele ya chakula cha mchana cha bei moja: supu, pweza, minofu ya samaki na kitu kitamu cha kumalizia. Bastola yake aina ya Glock ilikuwa mkobani, chini ya shali. Hamu ya kula hakuwa nayo.

Aliyemtoa hamu alikaa meza ya tatu. Daktari, mkuu wa maabara ya serikali, alikuwa ameiba chupa ya sumu isiyozidi kidole. Ingemiminwa kwenye tangi kuu la maji, mji mzima ungeteketea. Mama yake Siafu aliishi katika mji huo.

Na mwizi mwenyewe alikuwa anakula, chakula kile kile cha bei moja.

Supu aliinywa kwa kuinua bakuli. Pweza alimfyonza kwa mdomo, mafuta ya zeituni yakamchuruzika hadi kwenye tai. Akayafuta kwa mkate. Kisha akaula huo mkate. Siafu alishawahi kuopoa maiti mtoni na jioni akala vizuri, lakini huyu alimtia kinyaa hasa.

Mnunuzi wa sumu hiyo alikaa nyuma ya Daktari. Mgeni wa suti ya kitani, simu mbili mezani, leso mapajani. Vijana wa Mjomba walikuwa nje, tayari kupekua kila mkoba. Daktari alilijua hilo, ndiyo maana alikuja bila hata mkoba.

Kabla ya samaki, alikwenda kunawa. Njia ya huko ilipita mlango wa jiko. Aliporudi, mpishi mwenyewe alimfuata na sahani.

Samaki mzima.

Siafu aliinua shingo. Alitazama sahani yake, kisha za majirani. Wote wa bei moja waliletewa minofu, vipande viwili na limau. Samaki mzima hapa unamchagua kwenye barafu pale mlangoni, anapimwa kwenye mizani, unalipia uzito wake. Daktari hakuwa ameisogelea barafu hata kidogo.

Bahili mkubwa. Ameuza mji mzima, halafu ameshindwa kulipia samaki mmoja.

Na hakumgusa. Mtu aliyelamba sahani ya pweza sasa alikuwa anamwambia mpishi amfungie samaki, amwekee kaunta. Mgeni wa kitani naye akaomba bili. Angelipa, angekibeba kifurushi, angepita. Nani ampekue mtu aliyebeba mabaki ya chakula?

"Mjomba, mzigo uko tumboni mwa samaki. Alimpa mpishi alipokwenda kunawa."

"Una hakika?"

"Nakwenda kumuuliza."

Alivuta kiti, akaketi mbele ya Daktari.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba," mzee akajibu kwa mazoea tu.

Siafu akamsogezea sahani. "Kula."

"Nimeshiba, binti."

"Basi nikusaidie." Akainua uma juu ya tumbo la samaki.

"Usichome hapo," Daktari alisema, jasho likimtoka. "Tafadhali. Tutakufa wote."

Nyuma yake, leso ya mgeni ilianguka. Bastola, Beretta.

Siafu aliinuka na sahani, akaishika mbele ya kifua chake.

"Piga," akamwambia mgeni.

Mgeni alimtazama samaki. Alijua kilichomo. Kidole kikasita kwenye kifyatulio, na kusita huko kulitosha. Teke la Siafu lilimpata gotini, mtutu ukaangalia dari, mgeni akaanguka chali katikati ya viti. Vijana wa Mjomba walikuwa wameshaingia. Mpishi walimdaka mlango wa nyuma, aproni bado kiunoni.

Siafu aliingiza vidole tumboni mwa samaki. Mafuta, miiba, kisha kioo. Akaipangusa chupa, akaifungia kwenye kasha la chuma.

Daktari alikuwa anatiwa pingu.

"Na mama yako?" Siafu alimuuliza. "Si anakunywa maji haya haya?"

"Nilimhamisha wiki iliyopita," Daktari alijibu, tena kwa fahari. "Siwezi kumtupa mama yangu."

Mkono wa Siafu ulimwasha. Lakini kumpiga kofi ni kumgusa, na kumgusa hakutaka. Alinawa mara mbili kwa sabuni, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka juani akitembea polepole. Alipofika kona alimpigia mama yake. Nyuma ya sauti ya mama alisikia bomba likitiririka, vyombo vikigongana.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, Mama. Samaki alinichefua."

"Basi kunywa maji mengi."

Siafu alisimama kidogo.

"Nakuja kuyanywa hapo kwako," akasema, akaendelea na njia.